Hajala, Katafuna Tu

Mwaka 1969, masika yakiwa ndiyo kwanza yanaanza na maji ya Mto Pangani yakigeuka rangi ya udongo, nikiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, niliripoti kazini katika jiko la hospitali mjini Korogwe. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 3 Machi. Cheti changu cha darasa la saba kilikuwa na umri wa miezi mitatu. Nilianza darasa la kwanza mwaka 1962, mwaka mmoja baada ya Uhuru, nikiwa na miaka ishirini na nne na watoto wawili, nikakaa dawati moja na wasichana walioniita mama darasani na uwanjani. Sikuona haya wakati huo na sioni haya kuyaandika leo.

Mkuu wangu wa kwanza alikuwa Metroni wa hospitali, mama mfupi aliyevaa soksi nyeupe hata siku za joto kali. Alinitazama tangu kichwani hadi miguuni.

"Unajua kupika?"

"Ndiyo, Metroni. Nimepika tangu utotoni."

"Basi hiyo usahau. Chota chumvi, kijiko kimoja, uweke hapa."

Mbele yake palikuwa na mizani ndogo ya shaba, ya sahani mbili, iliyotoka chumba cha dawa. Nilichota chumvi. Akasoma mawe ya mizani, akaimwaga, akaniambia nichote tena. Mara tatu nilichota kijiko kimoja, na mara tatu mawe yalikuwa tofauti.

"Umeuona mkono wako?" aliniuliza. "Umedanganya mara tatu kabla ya saa mbili asubuhi. Nyumbani hakuna atakayekufa kwa hilo. Hapa yupo."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi iliyoitwa Msaidizi wa Lishe. Vijana mnaoifanya leo mna vitabu na mashine. Sisi tulikuwa na vitu vinne: mizani ya chakula, mizani ya kumning'iniza mtoto kama furushi, mkanda wa kupimia unene wa mkono, na kadi ya uzito yenye mstari ambao tuliuombea upande juu. Kazi kubwa ilikuwa kwashakoo, yaani ule ugonjwa wa mtoto kuvimba miguu na uso kwa kukosa chakula cha kujenga mwili. Nilijifunza kuibonyeza miguu ya watoto na kutazama kama shimo la kidole linarudi. Nilijifunza kukoroga maziwa ya unga kwa gramu. Kwa karibu miaka mitatu nilifanya hivyo Korogwe, na nilidhani nimeshaona yote ambayo chakula kinaweza kumfanyia mtoto.

Januari 1972 nilipata barua ya uhamisho kwenda Handeni. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa korona, yaani mashine ya kukamua majani ya mkonge, katika shamba moja karibu na Korogwe, na asingeweza kuhama. Watu walisema mengi kuhusu mke anayehama na mume anayebaki. Yeye alisema machache. Alinitengenezea sanduku la mbao lenye vyumba vilivyowekwa pamba, chumba kimoja kwa kila kipande cha mizani, akanikabidhi stendi ya basi. "Nenda," aliniambia. "Ugali naujua kusonga. Mboga nitaomba kwa jirani." Sanduku hilo ninalo mpaka leo.

Mkuu wangu wa Handeni alikuwa Mganga Mkuu wa Wilaya, mtu wa Mombo aliyesomea udaktari ng'ambo, mrefu, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba wagonjwa walilazimika kunyamaza ili wamsikie. Mtoto wa kwanza ambaye Mganga Mkuu aliniita nimtazame alikuwa Zaina.

Zaina alilazwa Jumanne, tarehe 18 Aprili 1972, akiwa na umri wa miaka sita. Alitoka katika kijiji cha ujamaa kilichokuwa mwendo wa saa mbili kwa baiskeli kutoka Handeni mjini. Alikuwa na kifafa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu la moto, kwa kuwa aliwahi kuanguka mekoni, na paji la uso lilikuwa limeshonwa mara nyingi. Vidonge vya fenobabito, dawa ya kifafa tuliyokuwa nayo, alivimeza kila siku bila kukosa. Vilimlaza usingizi lakini havikuzuia degedege.

Mama yake hakujua kusoma. Lakini alikuja na kopo la maziwa lenye punje za mahindi ndani, na kila Zaina alipoanguka, alitumbukiza punje moja. Kila Ijumaa alizihesabu, akazitoa, akaanza upya. Wiki ile ya kwanza wodini sisi tuliandika katika rejista na yeye akatumbukiza katika kopo. Mwisho wa wiki hesabu zake zilizidi zetu, kwa sababu sisi tulikuwa tumesinzia na yeye hakusinzia. Tangu siku hiyo nililiheshimu kopo lile kuliko rejista.

Mwalimu Mkuu wa shule ya kijiji chao alikuwa amekataa kumwandikisha. Hakuwa mtu mbaya. Shule yake ilikuwa na kisima kisichofunikwa na jiko la uji lililo wazi, na alisema hatamwandikisha mtoto anayeweza kutumbukia humo mpaka hospitali itoe barua kwamba amepona, na kwamba anaweza kuketi, kucheza na kula na wenzake kama mtoto mwingine yeyote. Mama Zaina aliitaka barua hiyo. Kila asubuhi Mganga Mkuu alipopita wodini, mama huyo hakumwuliza kuhusu dawa wala kitanda. Alimwuliza, "Daktari, barua yangu?"

Asubuhi moja Mganga Mkuu aliniita ofisini. Alinieleza jambo ambalo nililisikiliza nikiwa nimesimama, na nilipomaliza kulisikia nikaomba kukaa.

"Mwili ni nyumba yenye meko mawili," alisema. "Jiko la mbele huchoma wanga: ugali, muhogo, wali, sukari. Hilo ndilo tunalotumia siku zote. Ukilinyima kuni kabisa, baada ya siku mbili tatu mwili huwasha jiko la nyuma, linalochoma mafuta. Moshi wa jiko hilo huitwa ketoni. Na moshi huo, kwa baadhi ya watoto wenye kifafa, huutuliza ubongo."

"Kwa nini, Daktari?"

"Hatujui."

Nilikuwa sijawahi kumsikia daktari akisema neno hilo. Alilisema kwa utulivu, kama mtu anayetaja jina la mlima.

Kazi yangu ingekuwa kulizima jiko la mbele la Zaina na kulilinda lisiwake. Kwa kila gramu moja ya vyakula vingine vyote, gramu tatu za mafuta. Samli tulinunua kwa kina mama wa Kimaasai waliokuja sokoni na vibuyu. Nazi zilitoka Tanga. Kondakta wa basi alizishusha Segera na lori la hospitali lilizichukua, nami nilikamua tui la kwanza tu, lile zito. Mayai, nyama kidogo, mchicha wa kukaanga ukielea mafutani. Ugali, hakuna. Uji, hakuna. Kila kitu kilipita juu ya mizani, hata chumvi. Nawaonya vijana mnaosoma hapa: hiki si chakula cha kujaribu nyumbani. Mtoto wa namna hii hupimwa uzito na urefu, huangaliwa maji anayokunywa, choo anachopata na mkojo anaotoa, na daktari husimamia yote. Mafuta yale yale yanayotuliza yanaweza kumzuia asikue na kumtengenezea mawe kwenye figo.

Tulianza kwa mfungo. Mama Zaina alipoelezwa, alisimama akajifunga kanga upya, jambo alilolifanya kila alipotaka kugomba.

"Mimi nimemleta aponywe, nyie mnamfungisha? Hata Mwenyezi Mungu hamfungishi mtoto mdogo!"

"Ni siku mbili, Mama Zaina," nilimwambia. "Atakunywa maji, na sisi tutakaa naye."

"Nyie mtakaa naye. Tumbo linalolia ni la nani?"

Asubuhi ya siku ya tatu mpimaji wa hospitali, tuliyemwita Bwana Maabara, alinionyesha kipimo cha ketoni. Alitia mkojo wa mtoto katika kichupa, akaongeza chumvi zake za maabara, kisha akateremsha taratibu ubavuni mwa kioo matone ya amonia, maji makali yenye harufu ya kutoboa pua. Tukasubiri. Mahali maji mawili yalipokutana palitokea mstari mwembamba, ukakolea, ukawa pete ya zambarau, kama mtu amevisha kichupa pete ya harusi.

"Jiko la nyuma limewaka," alisema Bwana Maabara.

Nilikwenda kitandani kwa Zaina. Pumzi yake ilikuwa na harufu tamu ya nanasi lililopitiliza kuiva. Nilisimama pale, mimi niliyewalea na kuwapikia watoto wangu wanne, nikatambua kwamba sikuwahi kujua mwili wa mtoto una nini ndani. Siku ya sita Mama Zaina alilitikisa kopo sikioni kwangu. Halikulia. Siku ya saba halikulia. Yeye hakucheka wala hakulia. Alilifunika kopo kwa kiganja, kana kwamba punje zingeweza kuingia zenyewe.

Tulimruhusu kwenda kwao mwishoni mwa Mei, nami nikapewa kazi ya kumfuatilia kila baada ya wiki mbili. Nilikwenda kwa baiskeli, sanduku la mume wangu likiwa nyuma na chupa za Bwana Maabara zikiwa ndani yake. Njiani wanawake waliniita Mama Mizani.

Kadi yangu ya ufuatiliaji niliichora mwenyewe na nilijivunia uzuri wake. Ilikuwa na safu ya uzito, safu ya degedege, safu ya pete, na safu iliyoandikwa: Amekula nini?

Jambo zito nyumbani kwao lilikuwa sinia. Watoto wa ua ule walikula pamoja, mikono minane katika sinia moja. Watu wengi waliamini kifafa huambukiza kwa mate, kwa hiyo kumtengea mtoto bakuli lake ni kumtangaza. Mama Zaina alipigania miaka yote binti yake aendelee kula katika sinia la wote, na sasa mimi, mtu wa hospitali, nilimletea bakuli la peke yake. Bibi yake Zaina, mama mzaa baba, hakunisamehe hilo.

"Mwenzetu umesoma uzeeni," aliniambia siku ya kwanza, akiwa ameketi kibarazani akipepeta. "Ndiyo maana unasoma kwa nguvu, kama mtu anayelima shamba la jana."

"Nimesoma, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Na huyu mtoto mnamnyima chakula kwa sababu ya karatasi."

Juni yote pete ilikuwepo, ya zambarau, imara. Wiki ya pili ya Julai ikafifia, ikawa ya waridi. Mwisho wa Julai niliteremsha amonia, nikasubiri, nikasubiri tena, na maji yakabaki maji. Kopo lilikuwa na punje kumi na moja.

"Mama Zaina, tangu nilipoondoka Zaina amekula nini?"

Alinitajia yote kwa mpangilio: mayai, samli, tui, mchicha, vipande vya nyama kwa kipimo nilichomwachia.

"Na nje ya hapo?"

"Hajala."

"Hata kidogo?"

"Nakwambia hajala, Mama Mizani. Hajala!"

Niliandika: Hajala. Ziara iliyofuata punje zilikuwa kumi na tisa, na jibu lilikuwa lile lile. Mimi niliyefundishwa kwamba mkono hudanganya lakini mawe hayadanganyi, niliona njia moja tu ya kuelewa. Nilikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, kiongozi wao wa karibu, nikasema mbele yake na mbele ya majirani waliokuwepo kwamba mama huyu anampa mtoto ugali kwa siri na kunidanganya usoni. Mama Zaina aliapa kwa Mungu. Nilimjibu kwamba pete haiapi. Naliandika neno hilo hapa kwa sababu nililisema, na kwa sababu watu walicheka, nami nikafurahi kwamba wamecheka.

Mganga Mkuu aliisoma kadi yangu bila kuinua kichwa. Samli na nazi zilikuwa zinatoka katika fungu la wodi nzima, alisema, na mtoto asiye na ketoni anakula mafuta bure na kudhurika. "Kama hakuna pete ifikapo Ijumaa tarehe 1 Septemba, tunasimamisha. Atarudi kwenye vidonge tu."

Nilijua maana yake. Hakutakuwa na barua, na bila barua hakuna shule.

Alhamisi, tarehe 17 Agosti 1972, nilifika kijijini kabla jua halijapanda na kusema kwamba nitashinda pale. Nilitaka kuukamata ugali kwa macho yangu. Nilikaa kwenye kigoda uani, sanduku likiwa miguuni. Saa mbili Zaina alikula alichopimiwa, akalamba bakuli. Hakuna ugali uliomkaribia. Saa nne hivi bibi yake alikuwa anamenya muhogo wa kuchemsha. Alikata kipande kibichi, akampa mjukuu bila hata kumtazama, kama mtu anavyojikuna. Zaina akakiweka shavuni akaendelea kucheza. Mama yake alipita na ndoo ya maji, akaona, akapita.

Niliendelea kutazama. Saa sita mtoto wa jirani alikuja na muwa, wakagawana. Saa nane ilikuja konzi ya karanga na mahindi ya kukaanga. Saa tisa nilifungua kadi.

"Mama Zaina, leo tangu asubuhi Zaina amekula nini?"

"Umeona mwenyewe. Mayai, mchicha, samli yake."

"Na nje ya hapo?"

"Hajala."

Alilisema akinitazama machoni. Hakukuwa na woga katika macho yale, wala ujanja.

"Na ule muhogo?"

"Muhogo upi?"

"Aliopewa na bibi. Umepita na ndoo, umeuona!"

"Aa, ule?" Alinishangaa kweli kweli. "Ule katafuna tu. Wewe umeniuliza kala nini."

"Na muwa?"

"Muwa kanyonya. Muwa unaliwa?"

"Na zile karanga na mahindi?"

"Kabugia tu konzi moja akiwa anacheza. Mama Mizani, leo una nini? Mtu akila anakaa, ananawa, anakula chakula. Hayo mayai na samli ni dawa yenu. Huyu mtoto hajala tangu mwezi wa nne! Mimi kila siku nakwambia hajala, wewe unaandika na kuondoka, nikadhani moyo wako ni wa jiwe."

Niliketi palepale na kalamu mkononi. Mimi ni mtu wa Korogwe. Mama yangu aliyenizaa, akishinda shamba akitafuna muhogo na kunyonya muwa, alirudi nyumbani jioni akasema hajala tangu asubuhi, na alikuwa anasema kweli, kwa sababu kwetu chakula ni ugali na kula ni kuula huo. Mimi mwenyewe nilisema hivyo kwa miaka yote ishirini na minne kabla ya kuingia darasani. Kisha nilipewa mizani, na neno moja la hospitali, na nikasahau lugha niliyozaliwa nayo. Mama yule alinijibu kwa unyoofu kila mara. Swali langu ndilo lililokuwa na tundu, na kifafa kilipita humo.

Niligeuza kadi upande mweupe. "Nitajie," nilimwambia. "Kila kitu ambacho mdomo wa mtoto unafanya, kisichokuwa kula."

Alidhani namdhihaki. Lakini bibi kibarazani alikuwa amesikia, na halikuwa swali ambalo bibi yeyote angeliacha lipite.

"Kutafuna," alisema bibi.

"Kunyonya," alisema mama. "Muwa, chungwa, ukwaju."

"Kunywa! Uji haujaliwa tangu dunia iumbwe, uji hunywewa."

"Kuramba. Asali, na sufuria."

"Kubugia. Kumumunya. Kuonja," bibi aliendelea, akihesabu vidole. "Andika na kudokoa. Kudokoa ndiko kwingi. Baba yake Zaina alikua kwa kudokoa."

Majirani walikuja wakaongeza. Wakati nafunga sanduku nilikuwa na vitenzi tisa, na wanawake walikuwa wanacheka hadi kushika mbavu.

Kesho yake niliweka kadi mbele ya Mganga Mkuu, nikamweleza kwamba safu ya nne ya kadi zangu zote haikuwa kweli, na kwamba kosa lilikuwa langu. Alisoma orodha ya vitenzi tisa. Akairudia toka juu, hata nikadhani ananiandikia onyo moyoni.

"Mama yangu yuko Mombo," alisema hatimaye. "Nikienda kumsalimu, jambo la kwanza analoniuliza ni kama nimekula. Nikimwambia nimekula mkate na mayai, anasema, masikini, mwanangu hajala, anakwenda kubandika maji ya ugali." Alivua miwani. "Na mimi ndiye niliyeipitisha kadi yako. Nakupa mwezi mmoja zaidi. Chora kadi mpya."

Kulikuwa na kazi moja iliyobaki, na ilikuwa ngumu kuliko kadi. Jumapili nilirudi kwa balozi, nikaomba majirani wale wale waitwe. Nilisimama nikasema: "Nilisema mbele yenu kwamba mama huyu ni mwongo. Mwongo ilikuwa karatasi yangu, na aliyeiandika ni mimi. Naomba radhi kwake, na kwenu mliocheka kwa sababu yangu." Mama Zaina alijifunga kanga upya, nikajiandaa kugombezwa. Badala yake alinipa mkono.

Bibi ndiye aliyesema. "Kumbe hata aliyesoma husahihishwa." Kisha akageukia watoto wa ua mzima. "Sikilizeni. Tangu leo katika ua huu hatafuni mtu, hanyonyi mtu, habugii mtu. Anayetaka muwa akanyonyee barabarani." Na yeye mwenyewe, aliyekuwa akitafuna muhogo mbichi tangu kabla ya Wajerumani kuondoka, kama alivyopenda kusema, aliacha.

Pete ilirudi Agosti 27. Jumapili, tarehe 10 Septemba 1972, Mama Zaina alitumbukiza punje moja. Haikufuatiwa na nyingine, na Ijumaa ilipofika hakuitoa, aliiacha humo.

Nimeishi miaka mingi nikijaribu kueleza ukimya uliofuata. Wiki ilipita, mwezi, Ramadhani ikaingia na kutoka. Kila nilipofika nilimpima Zaina, nikasoma vitenzi vyote tisa kwa sauti kama mtu anayesoma dua, na Mama Zaina akajibu kimoja kimoja, kisha akalitikisa kopo na punje ile moja ikagonga bati. Kulikuwa na taabu zake. Kiangazi wafugaji walihamia mbali na samli ikakosekana. Miezi mitano Zaina hakuongezeka urefu hata kidogo, na Mganga Mkuu akabadili vipimo. Mtoto mwingine tuliyemwanzishia chakula hicho hakusaidika, ingawa pete yake ilikuwa nzuri kuliko ya Zaina. Tulimwuliza Mganga Mkuu kwa nini. Alijibu neno lile lile alilonijibu siku ya kwanza.

Nilistaafu tarehe 30 Juni 1993, miaka kumi baada ya kumzika mume wangu. Nimefanya kazi chini ya wakuu saba, nimefundisha wasichana na wavulana ambao sasa ni wakuu wa wengine. Huniuliza siri ya kazi ilikuwa nini, wakitarajia nitataja mizani. Mizani naipenda. Lakini kilichoniacha nimepigwa na bumbuwazi ni kwamba kati ya mtoto na uzima wake palisimama kitenzi kimoja, cha kawaida kabisa, ambacho mimi na mama yake tulikitamka sawasawa na kukimaanisha tofauti. Siku hizi nikiona dodoso limeandikwa vizuri naliogopa.

Mwezi wa Aprili 1974, miaka miwili ilipotimia, tulianza kumrudishia Zaina wanga kidogo kidogo. Tonge la kwanza la ugali lilikuwa na ukubwa wa ukucha. Nilimwuliza mama yake amefanya nini, akafikiri, akasema, "Ameonja." Mei, Juni, Julai, tonge likikua, aliendelea kusema ameonja. Pete ikafifia, safari hii kwa idhini yetu. Sote tulilitazama kopo. Punje ile haikupata mwenzake.

Jumatatu, tarehe 28 Oktoba 1974, walikuja wodini wote: mama, bibi, Mwalimu Mkuu aliyevaa tai, na Zaina, wa miaka minane, aliyekuwa amekwisha kujifunza herufi kwa kuzisoma kwenye kadi yangu. Ulikuwa mwaka wa shida ya chakula, na jiko la hospitali lilikuwa na unga wa mahindi ya njano tu. Niliusonga mwenyewe. Sikuupima. Nililiweka sinia sakafuni, watoto wa wodini wakalizunguka, na Zaina akanawa, akaketi kati yao, akanyoosha mkono. Mtoto aliyekuwa kulia kwake alisogea kumpa nafasi, bila kufikiri, kama watoto wanavyosogeleana.

Sinia lilipobaki tupu, Mganga Mkuu aliitisha kadi ya mwisho. Barua ya kumpelekea Mwalimu Mkuu ilikuwa mezani, tayari, ikisubiri mstari mmoja ujazwe.

"Mama Zaina," niliuliza, "tangu asubuhi, Zaina ametafuna nini?"

"Hakutafuna."

"Amenyonya?"

"Hakunyonya."

Nilishuka hadi cha tisa. Kisha nikapandisha kalamu kwenye safu ya kale, ile niliyoichora nikiijivunia, ambayo kwa miaka miwili na nusu alikuwa ananiambia ni tupu. Mama Zaina alimtazama binti yake, aliyekuwa anajipangusa vidole. Alijifunga kanga upya.

"Amekula," alisema.

Nikaandika kwenye kadi, kisha kwenye ule mstari wa barua: Amekula. Mganga Mkuu akatia sahihi chini yake, akagonga mhuri, akamkabidhi mama barua yake.